Chakula cha Brigedia

Sogeeni hapa, na mwenye roho nyepesi akaangalie chungu chake jikoni, maana habari za Neemeka hazimfai. Neemeka ni jamhuri. Iko mbali na kwetu, tena mbali kweli, msianze kutazamana. Kule mambo yote hufanywa kwa utaratibu, na mtu akiuawa huuawa baada ya kikao.

Kiongozi wao aliitwa Mlezi Mkuu, na Mlezi Mkuu alikuwa na paka. Paka huyo alikuwa jike, mweupe, mnene, jina lake Bi Mkubwa, cheo chake Brigedia. Cheo hicho hakukipata kwa kujipendekeza. Siku waasi walipovamia ikulu waliitandaza ramani yao sakafuni, akaja akalala juu yake, wakaogopa kumwamsha, wakapotea njia kwenye korido, wakakamatwa wote jikoni. Walinyongwa Ijumaa, na Jumamosi Bi Mkubwa akavishwa nyota zake.

Basi mwaka ule Bi Mkubwa akaanza kujigonga. Akitoka chumbani anagonga kigoda, akikwepa kigoda anagonga kabati. Mtu yeyote mwenye macho mawili angesema paka haoni. Lakini katiba ya Neemeka ilisema wazi kwamba afisa wa jeshi hawezi kuwa kipofu, na anayemwita afisa kipofu atatobolewa jicho moja ili aijue tofauti. Kwa hiyo lawama zikakiangukia kigoda. Kilisomewa shitaka la kumzuia Brigedia njiani, kikafungwa kamba kwenye nguzo, kikapigwa risasi na askari sita. Baadaye likafuata kabati. Kisha vikafuata viti vyote vya ikulu, kisha seremala aliyevichonga. Seremala alipoulizwa kama ana la mwisho, alisema samani zake hazikuwa na nia mbaya. Walimmaliza palepale juu ya vipande vya kigoda, na fagio moja likatosha kufagia vyote viwili.

Hata hivyo Bi Mkubwa aliendelea kujigonga. Manyoya yakaanza kumdondoka, akawa anapanda ngazi mbili tu anahema. Ndipo mtu mmoja akanong'ona kwamba huenda tatizo ni chakula. Aliyenong'ona hakuonekana tena, lakini wazo lake walilibakiza.

Chakula chenyewe kiliitwa Nguvu-Paka, chakula kikavu, vidonge vya rangi ya kahawia vyenye umbo la nyota. Kilitengenezwa na kiwanda kimoja tu nchini, mali ya taifa, na taifa kwa jambo hilo lilikuwa Jenerali Fungameza, shemeji yake Mlezi Mkuu, Waziri wa Vita na Lishe. Kabla ya hapo wataalamu kadhaa walikwishapewa kazi ya kukipima chakula hicho. Wote, kwa mujibu wa redio, walikuwa masomoni.

Sasa tuje kwa Ngwali Mzingo. Ngwali alikuwa mpimaji wa vyakula vya mifugo, mtu mpole, mwenye kitambi kidogo na hofu kubwa. Alikuwa anakula uji wake wa asubuhi redio ilipotangaza kwamba yeye ndiye Mpimaji Mkuu mpya wa Chakula cha Paka wa Taifa. Kijiko kilimtoka mkononi. Kabla uji haujapoa, majirani walikwishaanza kuingia na mikeka. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kimya, mmoja akauliza kwa adabu kama kaburi litachimbwa au kama wenyewe hawatarudishiwa kitu cha kuzika.

"Jamani, nimepandishwa cheo tu," Ngwali akasema.

"Poleni sana," wakaitikia.

Mkewe, Salhina, aliwangoja majirani wamalize chai yao waondoke, ndipo akafunga mlango kwa komeo. Salhina alikuwa mwanamke asiyemumunya maneno.

"Baba Saumu, kimbia."

"Nikimbilie wapi? Mpakani wenzetu wa ng'ambo wanakimbilia huku. Tutagongana vichwa njiani."

"Waliokutangulia wako wapi?"

"Masomoni."

"Wote? Na Daktari Kilua, mwalimu wako, mwenye miaka sabini? Yeye naye yuko masomoni?"

Daktari Kilua ndiye aliyemfundisha kazi, mzee nadhifu aliyepaka ndevu zake hina kila Alhamisi, na ndiye aliyekuwa Mpimaji Mkuu mpaka juzi hivi. Salhina akamshika mumewe kola ya shati, akamtazama usoni.

"Sikiliza, mume wangu. Mimi wewe nakujua, ukishashika mizani unasahau kama una watoto. Sitaki unirudishie ukweli hapa. Ukweli uache hukohuko ofisini. Mimi nirudishie wewe, mzima, na mikono yako na miguu yako. Nimesema."

"Nimesikia."

"Sema utarudi."

"Nitarudi," Ngwali akasema.

Ofisini alipokelewa na Koplo Bwambo. Hapa yafaa niwaeleze utaratibu, maana nchi nyingine hawaujui. Kwingineko duniani mtaalamu akipata jibu hurudia kipimo mara tatu. Neemeka waliona huko ni kuharibu vifaa. Wao hawarudii kipimo, wao humrudi mpimaji. Mtaalamu akishatangaza jibu lake huchapwa raundi tatu hadharani, na kila raundi huulizwa jibu upya. Likibadilika, lilikuwa la uongo, na mwenyewe hupelekwa masomoni. Likibaki vilevile mpaka mwisho, huitwa Kweli ya Taifa, na hata Mlezi Mkuu hawezi kuitengua. Kifungu hicho alikitia mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba nchi za wenzetu zina sayansi isiyopingika, akaona wivu, akataka na yeye awe nayo moja.

Koplo Bwambo ndiye aliyekuwa Mthibitishaji wa Taifa. Alikuwa kijana mrefu, mikono mipana, mwenye malezi mazuri mno.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba."

"Mimi ndiye nitakayekuchapa. Nimeona nije tufahamiane mapema, maana kumchapa mtu mzima usiyemjua ni utovu wa adabu. Mgongo una tatizo lolote?"

"Kidogo, huku chini."

"Basi huko nitapita kwa hisani."

Gunia la Nguvu-Paka likaletwa. Ngwali akaanza kazi kwa kusoma kilichoandikwa ubavuni, na papo hapo akaingiwa na ile homa ya kazi ambayo mkewe aliiogopa. Viungo viliandikwa hivi: kuku, mahindi, unga wa mahindi, pumba za mahindi, chenga za mahindi, mafuta, chumvi, uzalendo.

"Kuku ametangulia," akasema Bwambo aliyekuwa akichungulia begani. "Si vizuri?"

"Kinachotangulia ndicho kizito kuliko vingine kikipimwa pamoja na maji yake, ndiyo sheria ya magunia. Lakini tazama ujanja wao. Mahindi wameyagawa mafungu manne na kila fungu wamelipa jina lake, ili kila moja lionekane dogo mbele ya kuku. Wakusanye hao ndugu wanne uwapime pamoja, huyo kuku utamkuta nyuma kabisa, kama yupo."

Akakiloweka kidonge kimoja. Kikavimba, kikapasuka, kikatoa mchanga na vumbi la mbao. Akachoma kingine hadi kikawa majivu, na majivu yakabaki mengi kuliko yanavyobaki kwenye jiko la mama ntilie. Alichuja, alinusa, alikamua, akatumia dawa zake zote. Mahindi aliyaona, vumbi la mbao aliliona. Nyama hakuiona hata ya kudanganyia.

"Paka si mbuzi," akasema, na hasira sasa ilikuwa imempanda kweli. "Mbuzi mpe majani atakushukuru. Paka bila nyama anakufa huku anatembea. Ndani ya nyama mna kitu kinaitwa taurini. Viumbe wengi hujitengenezea wenyewe mwilini, paka hawezi, lazima akile. Akikikosa muda mrefu, moyo unalegea na macho yanazima. Moyo, ukimlisha paka vizuri, unaweza kupona. Macho yakishazima hayarudi tena."

Koplo Bwambo akatazama mlangoni. "Mzee, hilo la macho hukulisema na mimi sikulisikia. Unalihitaji jicho lako."

Likaletwa gunia la pili, la juzijuzi, bado lina joto la kiwandani. Humo Ngwali alikuta nyama. Haikuwa nyingi, nyuzinyuzi tu ndani ya kila nyota, lakini ilikuwa nyama kweli, na moyo wake ukapata nafuu. Akachukua koleo ndogo, akaanza kuitenga mojamoja aijue ni ya kuku au ya samaki. Katikati ya nyota ya nne akavuta unywele. Ulikuwa mfupi, mgumu, umejikunja kama unywele wa ndevu, na rangi yake ilikuwa nyekundu ya hina.

Ngwali aliketi chini sakafuni. Alilia bila sauti, koleo mkononi, na Koplo Bwambo akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Alikuwa mtu mzuri," akasema Bwambo. "Raundi ya kwanza na ya pili hakubadilisha neno. Alisema hamna nyama. Ya tatu hakuimaliza, Jenerali alimchukua kabla."

Asubuhi iliyofuata gari la jeshi lilimchukua Ngwali mpaka kiwandani. Jenerali Fungameza alimpokea kwa kumbatio lililovunja kalamu mfukoni. Alikuwa mtu mkubwa, mwekundu wa macho, medali zake zimejaa kifuani hadi zikaanza kuteremkia tumboni.

"Karibu, mtaalamu. Wasomi nawapenda sana," akasema. "Hawana mafuta, lakini nawapenda."

Akamtembeza. Katikati ya kiwanda ilisimama mashine ya kusaga, ndefu kama nyumba, mdomo wake juu na ngazi ya kupandia. Ilikuwa inanguruma kwa shida. Mfanyakazi mmoja alikuja mbio, akapiga saluti, akasema imekwama kwa sababu kuna kiatu. Jenerali akamtandika kofi lililomzungusha mzima. Meno mawili yakamruka, yakadondokea kwenye unga.

"Kalsiamu," akasema Jenerali. "Andikeni kwenye gunia."

Kisha akamgeukia Ngwali, akamwekea mkono begani, na mkono ulikuwa mzito.

"Nikueleze ndugu yangu, nisije nikaonekana mtu wa kuvizia. Kesho kutwa utasimama mbele ya shemeji. Ukisema chakula hakina nyama, mimi ni mzalendo, nikiambiwa pana upungufu naujaza siku hiyohiyo. Kilua alisema hakina, jioni yake kikawa nayo. Kwa hiyo alisema uongo, na mimi sipendi wasomi waongo."

"Na nikisema kina nyama?"

"Shemeji atauliza nyama ya nini. Kuku wa mwisho wa nchi hii nilimla mimi sikukuu iliyopita. Utaanza kubabaika, na wanaobabaika unajua wanakwenda wapi."

"Masomoni."

"Umenena."

"Na nikisema kosa ni la samani?"

"Samani zimekwisha. Shemeji siku hizi anakula amekaa mkekani, na ana hasira. Amesema akisikia tena neno kigoda atamchinja mtu kwa mkono wake."

"Sasa, Mheshimiwa Jenerali, niseme nini?"

Jenerali Fungameza akacheka mpaka medali zikalia. "Mtaalamu ni wewe. Mimi ni askari tu."

Nyumbani Ngwali hakula. Salhina alimwekea wali, akauondoa, akamwekea tena. Mwisho akakaa mbele yake akamlazimisha aseme yote, naye akasema yote, unywele, mashine, na kofi lile. Salhina alisikiliza bila kukatiza. Mumewe alipomaliza, mwanamke yule akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasema, "Ukisema ndiyo unasagwa, ukisema siyo unasagwa. Basi usiseme ndiyo wala siyo. Hao watu hawajui nyama wala mahindi, hao wanajua vyeo tu. Waongeleshe vyeo."

Ngwali akainua kichwa. Midomo ikamcheza kama anayehesabu, kisha akaomba aletewe ule wali.

Siku ya kutangaza jibu, ukumbi wa taifa ulijaa pomoni. Mawaziri, mabalozi na majaji wote walikaa chini, miguu wameikunja, kwa sababu hakukuwa na kiti kilichosalimika mji mzima. Mlezi Mkuu alikaa kwenye mkeka wa dhahabu, Bi Mkubwa mapajani, paka amekonda, macho yake makubwa yakitazama ukuta. Jenerali Fungameza alisimama nyuma yake, mkono kiunoni penye bastola. Kwanza likaimbwa wimbo wa taifa. Balozi mmoja alichelewa kuinuka sababu ya ganzi, akavunjwa goti ili siku nyingine awe na sababu ya kweli.

"Mpimaji," akasema Mlezi Mkuu, "chakula cha Brigedia wetu kina nini?"

Ngwali alikuwa amevuliwa shati tayari. Alitetemeka mpaka kitambi, lakini sauti ilitoka.

"Mtukufu Mlezi, chakula kina nyama. Kasoro yake ni moja tu. Nyama hiyo haina cheo."

Mlezi Mkuu akainama mbele.

"Haina cheo vipi?"

"Ni ya raia, Mtukufu. Raia wa kawaida. Bi Mkubwa ni Brigedia, na mwenye cheo hajengwi na kilicho chini yake. Amelishwa watu wa chini muda mrefu, mwili umeona aibu, ndiyo maana moyo unalegea. Brigedia anahitaji lishe iliyo juu ya Brigedia."

Mlezi Mkuu akawa mwekundu, kisha mweusi. Kuna wajinga waliodhani amekasirika kwa sababu ya hao raia. "Raia," akasema polepole. "Paka wangu. Afisa aliyeapishwa. Mmempa raia?"

"Juu ya Brigedia ni nani?" akauliza jaji mmoja aliyekuwa mzito wa kuelewa, na waliokaa karibu naye walimkanyaga vidole.

"Jenerali," akasema Ngwali.

Jenerali Fungameza alicheka peke yake, kicheko kifupi, akasema, "Ithibitishwe."

Koplo Bwambo akapanda jukwaani na fimbo yake ya mkwaju. "Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu."

Raundi ya kwanza ilikuwa ya mgongo. Bwambo alipita huku chini kwa hisani kama alivyoahidi, lakini huku juu hakuwa na ruhusa ya hisani, na ngozi ilifunguka. "Brigedia anahitaji nini?" akauliza mwandishi wa baraza. Ngwali akasema, "Jenerali." Raundi ya pili ilikuwa ya nyayo. Hapo Ngwali alipiga kelele ambayo Salhina, aliyekuwa nje getini na wanawake wengine, aliitambua kati ya kelele zote za mji. "Brigedia anahitaji nini?" Akasema, "Jenerali."

Ilipofika raundi ya tatu Jenerali Fungameza hakuweza kungoja. Alimsukuma Bwambo, akampokonya fimbo, akavua koti la medali. "Huyu niachieni mimi," akasema. "Mimi nawajua wasomi, wanabadilika." Akachapa. Alichapa mabega, alichapa magoti, alichapa mkono ule wa kushikia mizani mpaka kidole kimoja kikalala upande usio wake. Damu iliwarukia majaji wa mstari wa mbele, nao hawakujifuta, maana kujifuta kungeweza kutafsiriwa. Kila baada ya pigo Jenerali alifoka, "Anahitaji nini? Sema, mbwa wee, anahitaji nini?" Na Ngwali, ambaye hakuwa akisikia tena chochote, ambaye kichwani mwake palikuwa na sauti moja tu ya mwanamke ikisema nirudishie wewe, alijibu kila swali kwa neno lilelile. Jenerali, Jenerali, Jenerali. Fimbo ikavunjika. Jenerali Fungameza alisimama anahema, kipande mkononi, jasho linamtoka, akagundua kwamba ukumbi mzima unamtazama.

Mwandishi wa baraza akapiga muhuri. "Imethibitishwa," akasema. "Kwa mkono wa Mheshimiwa Waziri mwenyewe."

Mlezi Mkuu alisikitika sana. Alisema hivyo mara mbili, kwamba anasikitika sana, kwamba dada yake hatamwelewa, lakini sayansi ni sayansi. Jenerali alipofikia bastola, walinzi wake mwenyewe walimrukia, kwa sababu kila mmoja wao aliona ghafla raha ya kuwa na cheo kidogo. Aliburutwa nje akipiga mateke. Alivunja taya za watu wawili na dirisha, na wanasema alipandishwa ngazi ya kiwanda huku akiwaamuru wamshushe, na wale askari kwa mazoea wakampigia saluti, kisha wakaendelea.

Ngwali alibebwa nyumbani kwenye ubao. Salhina alimpokea mlangoni. Alimhesabu viungo kimoja kimoja, akakuta vyote vipo ingawa vingine vimehamahama, akakaa chini akalia kwa furaha. Wiki nzima alimkanda kwa maji ya chumvi, na kila mara Ngwali alipolia kwa maumivu alimwambia, "Lia tu, baba. Anayelia yuko hai."

Gunia jipya lilifunguliwa ikulu. Bi Mkubwa alikula kwa pupa mpaka akalamba sahani. Ikumbukwe kwamba Jenerali Fungameza alikuwa na nyama nyingi kuliko wasomi wote waliomtangulia wakikusanywa, nyama ya kweli yenye kila kitu paka anachohitaji. Haukupita muda moyo wa Bi Mkubwa ukatulia, manyoya yakarudi, akawa anapanda ngazi zote za ikulu bila kuhema. Kengele zikapigwa mji mzima kushangilia lishe ya taifa.

Lakini macho hayakurudi. Bi Mkubwa, mwenye afya na mbio sasa, aligonga mlango wa ikulu kwa nguvu zaidi kuliko zamani, akatoka damu puani. Mlezi Mkuu akasema dozi haijatosha. Wakamchukua Jenerali wa Anga. Akagonga tena. Wakamchukua Jenerali wa Majini, aliyejitetea kwamba nchi haina bahari na kwa hiyo yeye si jenerali kamili, akajibiwa kwamba anafaa kama kitoweo chepesi. Majenerali wakaanza kujificha kwenye visima na mapipa. Mmoja alijikata bega la kushoto kwa panga, ngozi na nyota pamoja, akajiita sajini mpaka walipomkuta. Makanali walikuwa wakiamka asubuhi wanapigana ngumi uwanjani ili washushwe vyeo. Ilifika mahali kofia ya jenerali ikiokotwa njiani, mtaa mzima unahama.

Mwisho hakukuwa na jenerali hata mmoja Neemeka, na Bi Mkubwa alikuwa ameligonga birika la chai likamwagikia miguu ya Mlezi Mkuu.

Ngwali alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo gari lilipokuja. Salhina alimvalisha shati jeupe, kwa sababu dereva alisema ni sherehe. Redio ilikwishatangaza, na majirani walikuwa wanaingia na mikeka yao, safari hii bila kuuliza kitu. Salhina alisimama mlangoni, mikono ameitandaza kuwazuia, akasema kwa sauti kubwa kwamba mume wake si mwanajeshi, mume wake ni raia, raia tupu, na kila mtu mtaani anajua. Hakuna aliyembishia. Walikaa.

Ikulu Koplo Bwambo ndiye aliyembandika nyota. Pini ilimchoma mwenyewe kwenye kidole chake kipana, naye hakuinua macho hata mara moja. Hotuba ilisomwa. Ilisema kwamba taifa halisahau watumishi wake, kwamba kwa mchango wake usio na kifani katika elimu ya lishe ndugu Ngwali Mzingo ameteuliwa kuwa Jenerali wa Lishe, kuanzia leo hadi jioni. Mawaziri wakapiga makofi wakiwa wameketi sakafuni. Ngwali alifungua mdomo kusema kwamba alidanganya, kwamba cheo hakina taurini. Akakumbuka kwamba jibu lake ni Kweli ya Taifa, alilichapiwa mpaka likathibitika, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kulitengua.

Mlezi Mkuu alimsogelea, paka kwapani. Alimtazama juu mpaka chini, kwa upole, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni asiyetaka kumuudhi muuzaji.

"Jenerali," akasema, "una kilo ngapi?"

Mazoea ya kazi yana tabu. Ngwali alijikuta anajibu kabla hajafikiri.

"Sabini na mbili, Mtukufu," akasema. "Lakini hizo ni pamoja na maji."